Beti Sita za Mwisho

Karatasi zilikuwa bado zinanuka wino na mafuta ya taa Evarista, mpanga herufi, alipozitandaza mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika dagaa.

"Soma polepole," alimwambia Zamda. "Hii ndiyo prufu. Ukiona kosa lizungushie penseli. Leo kosa ni la kwangu, nilipanga herufi vibaya. Tukishachapa litakuwa la kwetu sote."

Zamda hakuona kosa. Aliona jina lake.

Lilikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa ambazo hakuwahi kuona jina la mtu yeyote wa nyumba yao likiandikwa kwazo. UTENZI WA MCHUKUZI. Na chini yake: ZAMDA RAJABU. Aliligusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

Mzee Melkiori, mwenye matbaa, alikuwa kwenye mashine yake akifuta mikono kwa kipande cha kaniki. Alikuwa Mchaga wa Machame, mzito wa mwili, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Matbaa yenyewe ilikuwa chumba kimoja na ua, nyuma ya maduka ya vitambaa pale Kariakoo. Mwaka mzima alichapa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi na fomu za vyama vya ushirika. Ila mabaki ya karatasi aliyaweka, na yakifika kiasi alichapa kitabu kimoja kidogo cha mtu asiyejulikana. Miaka ile hata daftari la mtoto la shule lilipatikana kwa foleni, kwa hiyo kitabu kimoja kwa mwaka hakikuwa kidogo. Chini ya meza yake kulikuwa na kreti la soda lililojaa miswada ya watu wanaongoja.

"Miaka kumi na minane nipo hapa," alisema. "Wananiletea walimu, wananiletea watu wa vyuo. Wewe binti umesoma mpaka wapi?"

"La saba, baba."

Melkiori akamgeukia Evarista. "Umesikia? La saba. Halafu yule bwana wa juzi anakuja hapa na tai."

Hapo ndipo pa kusema. Zamda alijua ndipo. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu: si mimi, ni mama. Alifungua kinywa, akaona wote wawili wanamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa, si kwenye foleni ya sukari, si kwa mwajiri wa Upanga ambaye yeye Zamda alimfulia nguo, akakifunga.

"Ahsante, baba," alisema.

Kosa lilianza padogo. Beti zilitungwa na mama yake, Kijakazi, ndani ya eda ya mumewe, na Zamda akaziandika kwenye madaftari mawili, kisha akayapeleka matbaa. Nyumbani kwao mtunzi hajitangazi mwanzoni kama kibao cha duka. Jina lake huliweka ndani ya utenzi wenyewe, mwishoni kabisa, baada ya dua na salamu, alipate yule aliyevumilia kusikiliza mpaka mwisho. Lakini jalada la daftari lilikuwa na mstari ulioandikwa Jina, na Zamda aliujaza kama alivyofundishwa shuleni, jina la mwenye daftari. Evarista akasoma jalada. Melkiori naye, kitabu kilipomzidi, akasoma dua na salamu, akaona hapo ndipo pa kukata.

"Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita," alieleza. "Mmoja wa jina, kumi na tano za beti, sita kila ukurasa. Tisini. Wewe umeleta tisini na sita, nikatoa sita za mwisho. Zile za kuaga tu."

"Zile za kuaga," Zamda alirudia.

"Alhamisi nachapa. Ijumaa herufi hizi nazihitaji kwa fomu za ushirika. Leo Jumatatu, una siku moja ya kusoma."

*

Chumba cha Kijakazi kilikuwa cha ndani, katika nyumba ya vyumba sita mtaa wa Gerezani, mlango ukiwa na pazia la maua lililopauka. Alikuwa amekaa mkekani na nguo zake za eda, miguu ameinyoosha. Kioo kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Zilibaki siku thelathini na nne za eda.

Shangazi Sophia, dada wa marehemu, aliyehama kwake Ilala kuja kusimamia eda ya wifi yake, alikuwa ameenda kupanga foleni ya sabuni. Zamda alishukuru. Kuna beti ambazo hazikufaa kusomwa shangazi akiwepo.

"Soma," alisema Kijakazi. Yeye alisoma herufi za chuoni, za Kiarabu. Hizi za serikali hakuzijua. "Anza juu kabisa."

"Utenzi wa Mchukuzi," Zamda alisoma, na macho yake yakaruka mstari wa pili kama mguu unavyoruka tope.

Akasoma. Alipofika kwenye mkokoteni mama yake akaanza kutikisa kichwa.

*Magurudumu mawili,*
*moja lake si kamili,*
*likilia mbali mbali*
*nami nikalisikia.*

"Lile gurudumu," Kijakazi alisema. "Nilimwambia atie mafuta. Akasema nikitia mafuta utajuaje kwamba nakuja utenge chakula?" Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Endelea, mama."

Beti ya tisini ilipokwisha Zamda akakunja karatasi. Kijakazi akangoja. Uani jirani alikuwa akitwanga kisamvu, na kinu kilisikika vizuri.

"Mbona umeishia hapo?"

"Karatasi imeisha."

"Karatasi imeisha au mimi nimeisha?"

Zamda akaeleza kuhusu kurasa kumi na sita na beti sita za mwisho. Alieleza haraka, akitazama mkeka. Aliposema zimekatwa, mama yake alilainisha kanga yake magotini kama anayeipiga pasi kwa kiganja.

"Sawa. Kitabu ni cha baba yako," alisema. "Mradi yeye asomwe. Na mwanzoni wameandika nini?"

"Utenzi wa Mchukuzi."

"Basi?"

"Basi, mama."

*

Asubuhi ya Jumanne Zamda alikuwa akimsuka mama yake mtindo wa twende kilioni, bila mafuta ya kunukia kwa sababu ya eda. Alifika msuko wa tatu, mikono ikasimama.

"Wameandika jina langu," alisema nyuma ya kichwa cha mama yake. "Pale mwanzoni. Wanadhani nimetunga mimi. Yule mzee aliponisifu nilimwambia ahsante."

Kijakazi hakugeuka. "Ni zuri, jina lako, kwenye karatasi?"

"Zuri, mama."

"Kubwa?"

"Kubwa. Kama la kwenye bango."

"Nilijua kuna kitu. Jana ulisoma mstari mmoja ukameza mate ya mistari miwili." Akashika mkono wa binti yake uliokuwa bado kwenye nywele. "Ulikuwa unatoka foleni umechoka, unakaa hapo kwenye kibatari, mimi nasema wewe unaandika. Ningekuwa na vitu viwili, kimoja ningekupa, Wallahi. Lakini ninacho kimoja. Baba yako miaka ishirini ameitwa we mchukuzi, we mkokoteni, pisha. Na mimi nikawa mke wa mchukuzi, mama Zamda, sasa naitwa mjane. Wewe umewahi kusikia mtu humu ndani ananiita kwa jina langu?"

Zamda akafikiri. "Hapana."

"Nami sijasikia tangu bibi yako afe. Lipo kwenye beti moja tu. Nenda kaniombee hiyo beti. Jalada wafanye wanavyotaka."

"Na wakinicheka?"

"Watakucheka. Maliza kwanza kunisuka, usiniache na kichwa nusu."

*

Hawakucheka. Ingekuwa nafuu. Melkiori alivua miwani, akaiweka juu ya prufu, akamtazama Zamda kwa macho yake yenyewe, madogo na yaliyochoka.

"Jana ulisimama hapo hapo."

"Ndiyo, baba."

"Nikakusifu, ukapokea."

"Nilipokea. Nisamehe."

Mtu mmoja aliyekuja kuchukua kadi zake za harusi akageuka kusikiliza. Zamda alikuwa amevaa ndala za baba yake, kubwa, na ghafla aliona kila mtu anaziona.

"Sasa nitajuaje?" Melkiori aliuliza. "Mwaka juzi bwana mmoja aliniletea mashairi, nikachapa. Mwenye mashairi akaja hapa na wazee watatu na kilio. Nikachana vitabu vyote, kwa mikono hii. Jana zilikuwa zako, leo za mama yako, kesho za nani? Huyo mama aje. Anisemee mwenyewe kwa mdomo wake, atie sahihi hapa, narudisha sita zake."

"Hawezi kutoka, baba. Yupo eda."

"Inaisha lini?"

"Siku thelathini na tatu."

"Mimi nina siku mbili."

Evarista alikuwa akipanga herufi bila kuinua kichwa, vidole vikienda kama vya mtu anayedonoa mchele. "Mzee," alisema, "eda ni ya huyo mama. Wewe miguu yako haina eda."

Melkiori akarudisha miwani usoni. Yule mtu wa kadi za harusi ndiye aliyecheka.

*

Shangazi Sophia aliposikia mwanamume anakuja kesho, aliweka ungo wa mchele chini.

"Kuja kufanya nini? Kusikiliza sauti ya mjane?"

"Wifi, muuza mkaa naongea naye kila siku akiwa pale nje," Kijakazi alijibu. "Sauti yangu ameisikia mpaka bei ameshaizoea."

"Mkaa ni mkaa. Hizi ni nyimbo. Kaka yangu hajamaliza hata miezi minne, mkewe anatangazwa kwenye vitabu. Watu watasemaje?"

"Watasema wanachosema. Wewe utakaa hapo mlangoni usikilize kila neno. Nikivuka mpaka, ukohoe."

"Mimi ndiye nitakayekohoa," alisema Sophia, na hilo lilikuwa ndiyo yake.

Basi Jumatano baada ya alasiri Melkiori alivua viatu kizingitini, akakaa kwenye kigoda ukumbini, magoti yakimfika kifuani. Pazia lilikuwa limeshushwa. Zamda alikaa kando yake na penseli. Sophia alikaa upande wa pili na ungo wake mapajani, akichambua mchele huku akimchambua na mgeni.

"Pole na msiba, mama," Melkiori aliliambia pazia.

"Tumeshapoa, baba. Karibu. Nyumba yenyewe ndiyo hii."

"Nimekaribia. Naomba uniwie radhi, nataka nikusikie mwenyewe."

Kijakazi akakohoa kidogo, akaanza. Hakusoma, hakuwa na cha kusoma. Sauti ilitoka nyuma ya maua yale yaliyopauka, nyembamba, ya kughani taratibu, nayo ilijua njia.

*Akiamka gizani,*
*kamba yake mkononi,*
*chai hakunywa nyumbani*
*sokoni akiwahia.*

Melkiori alifuata kwa kidole kwenye prufu. Kwenye beti ya kumi kidole kilikuwa bado kinafuata. Kwenye beti ya ishirini alikiondoa akafumba macho. Uani wakaacha kutwanga. Beti zikaenda, mvua za masika na gunia lililolowa, tairi lililopasuka pale Mnazi Mmoja watu wakitoka mkutanoni, yeye akaliziba kwa kandambili yake akarudi nyumbani mguu mmoja peku. Zamda alizijua zote, lakini hakuwahi kuzisikia mama yake akizisema zote kwa mkupuo mmoja. Aligundua kwamba yeye aliandika maneno tu. Pumzi haikuandikika.

Baada ya beti ya arobaini, Kijakazi akapumua, akaendelea na nyingine kabisa.

Melkiori akafumbua macho. "Mama, umeruka. Hapa kuna saba umeziruka."

"Sikuruka. Hizo saba ndizo zitoke, zile sita zangu za mwisho zipate mahali. Itabaki nafasi ya moja, nitakupa nyingine."

"Lakini hizi nzuri," alisema Melkiori, ambaye hakujua yuko nyumba gani na amekaa na nani. "Hii hapa, kwa mfano." Na akasoma, kwa sauti yake nene ya kanisani:

*Dada yake kamlipa*
*mbele ya wageni hapa,*
*jina lake hakumpa,*
*mchukuzi kamwambia.*

Alipoinua macho aliona Zamda ameinamisha kichwa, na mikono ya yule mama wa mchele imesimama. Akaishusha karatasi polepole, kama mtu aliyeingia chumba sicho.

Hakuna aliyekohoa.

"Alikuambia?" Sophia aliliuliza pazia.

"Aliniambia."

"Ile siku ya kabati."

"Siku ya kabati. Alikuja anacheka, wifi. Alisema leo nimelipwa na dada yangu vizuri kuliko tajiri yeyote wa sokoni."

"Alicheka?"

"Alicheka. Halafu akanywa maji, akalala na jua bado linawaka."

Sophia alichukua punje moja ya mchele akaitazama. "Walikuwa wakwe," alisema. "Walikuja kwa posa ya mwanangu. Yeye anaingia mlangoni na kabati mgongoni, jasho linamtiririka, na ile suruali. Nikasema nitamweleza baadaye. Sikumweleza." Punje ikarudi kwenye ungo. "Ziache humo. Ni kweli."

"Hazitakaa humo," Kijakazi alisema. "Nilizitunga wiki ya kwanza, nilikuwa na hasira ya kufiwa, nikatafuta wa kumpa. Baba mpiga chapa, futa hizo saba. Zamda, kata kwa penseli. Kata sawasawa, zisisomeke."

Zamda akakata. Beti saba, mistari ishirini na minane, penseli ikatoboa karatasi mahali pawili. Kisha Kijakazi akazisema zile sita zilizokuwa zimeondolewa, dua, salamu, na ile aliyoipigania:

*Jina langu Kijakazi,*
*Gerezani ni mkazi,*
*hii ndiyo yangu kazi,*
*mume nimemfanyia.*

Melkiori alitikisa kichwa mara kadhaa kukubali. "Basi, mama. Ni zako. Mtu hawezi kuiba pumzi." Akapitisha karatasi na kalamu chini ya pazia. Mkono ulitokea, hina imefutika kabisa kwenye kucha, ukachukua, ukarudisha. Sahihi ilikuwa ya herufi za chuoni. Melkiori akaigeuza juu chini.

"Hapa naanzia wapi?"

"Kulia," Zamda alimnong'oneza.

"Na ile beti moja ya kujaza nafasi?"

Nyuma ya pazia alisikika akihesabu mizani kwa kunong'ona. Kisha:

*Na mwandiko si wa kwangu,*
*ni wa Zamda mwanangu,*
*macho yake, moyo wangu,*
*pamoja twamlilia.*

"Andika, Zamda," Kijakazi alisema. Na kwa kuwa hakusikia penseli: "Unaandika au unalia?"

"Vyote, mama."

"Fanya kimoja kimoja, mgeni anataka kuondoka."

Melkiori alijidai anatafuta viatu vyake, ambavyo aliviona tangu mwanzo. "Limebaki jalada," alisema. "La binti natoa. Niweke la kwako pale juu?"

"La kwangu liko ndani, pamoja na la huyo mwanangu. Atakayefika mwisho atatukuta."

"Sasa nibaki na pengo?"

"Wekeni lake," alisema Shangazi Sophia.

"La nani, mama?"

"La kaka yangu." Alisimama na ungo wake, akaweka sawa kanga ya kichwani, kama vile ukumbi ule mwembamba umejaa wageni waliokuja kwa posa. Na alilitamka kwa nguvu, mpaka wa uani wakasikia. "Rajabu. Mchukuzi Rajabu. Andikeni hivyo, kwa herufi kubwa."

*

Alhamisi asubuhi Evarista alimwita Zamda kwenye meza ya herufi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bado umefungwa kwa uzi, herufi za madini ya risasi tupu, maneno yamegeuka kama kwenye kioo.

"Lako hilo. Toa wewe," alisema, akampa koleo ndogo.

Zamda akatoa. Z kwanza. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akaitia kwenye kijumba chake ndani ya sanduku. A, M, D, na A ya pili, ambayo aliishika kidogo kabla ya kuiacha iangukie mwenzake. Jina la baba yake lilibaki palepale lilipokuwa, hakuna aliyeligusa. Evarista alilisogeza tu kidogo likae katikati.

Melkiori akapaka wino, akavuta mpini. Karatasi ya kwanza ikatoka, pana kama shuka la mtoto, kurasa nane upande mmoja, nyingine zimesimama kichwa chini. Zamda aliizunguka kuitafuta beti ya mama yake. Alidhani ukurasa wa mwisho utakuwa mbali kabisa na wa kwanza, ncha nyingine ya karatasi.

Haikuwa hivyo. Kabla karatasi haijakunjwa, ukurasa wa kwanza na wa mwisho hukaa ubavu kwa ubavu. Huku kulikuwa na RAJABU, kubwa, peke yake na kazi yake. Na huku, kiganja kimoja tu pembeni, kwa wino mbichi unaong'aa, palisomeka: Jina langu Kijakazi. Na mistari michache chini yake, mwenye mwandiko.

Evarista alikuja na mfupa wake wa kukunjia. "Nikunje hii uwapelekee nyumbani?"

"Usiikunje," alisema Zamda. "Nitaichukua hivyo hivyo."

Akaishika kwa ncha zake mbili, mikono ameitandaza, akatoka nayo hivyo kwenda Gerezani katikati ya watu wa sokoni, akiipeperusha kidogo ili wino ukauke. Wachukuzi wenye mikokoteni wakampisha njia.